Subira Haikatazi Dawa



Tangu mama yetu atiwe goti bandia, nyumba yetu ya ghorofa ya tatu hapa Donholm, isiyo na lifti, imejifunza mambo ambayo tumeona ni wajibu kuwafikishia dada zetu wanaouguza wazee.

Kesho yake baada ya upasuaji mama aliinuliwa, akapiga hatua kwa magongo. Uzito ulikuja aliporudi nyumbani. Goti lilivimba, usingizi ukatoweka, na vidonge akavikataa. "Wanangu," alisema, "niacheni nisubiri. Maumivu hufuta madhambi." Siku zikapita, na goti halikunjiki.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufahamisha kuwa wiki za mwanzo zina uzito mkubwa, kwani goti lisilokunjwa na kunyooshwa mapema huweza kukakamaa. Dawa hutuliza maumivu ili mgonjwa aweze mazoezi. Tukamwambia: "Mama, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Subira yako sasa ni kulikunja goti hili." Alinyamaza kitambo, kisha akaomba maji, akameza vidonge.

Tulifuata kipimo alichoandika daktari, tukampa dawa kabla ya mazoezi. Baada yake tuliweka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20. Mto tuliuweka chini ya kisigino, si chini ya goti, ili mguu unyooke. Kwenye ngazi alitanguliza mguu mzima akipanda, na uliopasuliwa akishuka. Tulionywa pia: shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa akimbizwe hospitali, kwani huenda damu imeganda au kidonda kimeingia vijidudu.

Lililomhuzunisha zaidi ni sijida. Tukamkumbusha habari ya sahaba Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, naye Mtume (S.A.W.) akamruhusu kuswali kwa kukaa iwapo hawezi kusimama, na kwa kulalia ubavu iwapo hawezi kukaa. Tukamwekea kiti juu ya msala wake, na machozi yakakauka.

Leo ni wiki ya nane. Maumivu hayajaisha, na tumeambiwa kupona kikamilifu huweza kuchukua hata mwaka. Lakini goti linakunjika, na jana alishuka ngazi zote kwenda kuwaamkia majirani.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.