Siku mto ulipohamia shambani kwa bibi

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbolea. Naandika kuhusu ramani, kwa sababu siku hizi shamba lako linaweza kuwa ndani ya kompyuta ya mtu usiyemjua, na humo likaamuliwa jambo wewe ukiwa unapalilia.

Nianze na kosa langu. Misimu michache iliyopita nilitakiwa kuorodhesha mashamba yaliyo ndani ya mita 60 kutoka mtoni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu katika eneo hilo. Mipaka ya mashamba nilikuwa nayo, niliizunguka kwa miguu na simu mkononi. Mto niliunakili kutoka ramani ya zamani ya karatasi. Nikaviingiza vyote kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, nikaandika mistari michache ya maelekezo: chora ukanda wa mita 60 kila upande wa mto, kisha nitajie kila shamba unaloligusa. Majina yakatoka hapo hapo. Nilijiona fundi.

Orodha ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Bibi mmoja akasimama. "Mwanangu, huo mto naufuata na ndoo kila asubuhi, nikifika nimeshachoka. Umeingia lini shambani kwangu?" Watu wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba kompyuta haikosei. Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana muuza pembejeo aliyekuwa amekubali kumkopesha mbolea alikuwepo pale, akaghairi. Nani amkopeshe mtu ambaye kesho ataambiwa aache kulima? Bibi akapanda bila mbolea ya kupandia.

Aliyenifumbua macho si mtu wa kilimo. Ni mtafiti wa malaria aliyekuja kuchora nyumba za wagonjwa na mazalia ya mbu. Aliniomba ule mto apimie umbali. Kesho yake akarudi: "Ndugu, kwa mto huu wagonjwa wangu wanalala ndani ya maji."

Tatizo lilikuwa hili. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu, zile za kipimo cha 1:50,000, zimechorwa kwa msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Simu zetu hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zile zile za latitudo na longitudo huangukia sehemu mbili tofauti kutegemea msingi, na kwa maeneo yetu tofauti hiyo kutoka kaskazini kwenda kusini huzidi mita 200. Sikuiambia kompyuta mto umetoka msingi gani. Ikadhani ni ule wa simu, ikausogeza kaskazini mpaka kwa bibi. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila nilichoilisha ndicho kilikuwa kibovu.

Tulipoweka kazi zetu pamoja nilishangaa. Mistari yake na yangu ilikaribia kufanana. Yeye anauliza nyumba zipi ziko karibu na dimbwi, mimi mashamba yapi yako karibu na mto. Mtu wa wanyamapori anauliza hivyo hivyo kuhusu njia ya tembo, na wewe mfanyabiashara ungeweza kuuliza kuhusu ghala. Kompyuta haijui mbu wala mahindi, inajua nukta, mstari na eneo. Na swali lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta: katika mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854 huko London, daktari John Snow aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani ya mitaa, zikaonekana zimeizunguka pampu moja ya maji. (Maafisa wenzangu mnaosoma hapa, kaeni na watu wa afya. Mimi nilichelewa.)

Nilirudi kijijini nikafuta jina la bibi mbele ya mkutano ule ule. Mbolea ya kukuzia akakopeshwa. Ya kupandia wakati wake ulikuwa umeshapita.

Sasa upande wako. Ukioneshwa ramani yenye shamba lako, chagua kitu kimoja unachokijua vizuri: daraja, kisima, kona ya shule. Nenda ukasimame pale na simu, chukua namba za mahali hapo, mwambie mwenye ramani aziweke kwenye ramani yake. Nukta ikiangukia mbali na daraja, usiweke saini.

Upimaji wa simu nao una mipaka yake. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kama mita 5, chini ya miembe zaidi. Kwa ekari kumi si kitu, kwa robo ekari ni hasara. Lakini usikimbilie hatua 70 kwa 70 ukadhani ndiyo usalama. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita za mraba 2,756 tu, wakati ekari ni karibu 4,047. Mwenye hatua ya mita nzima anapata 4,900. Wote wawili watanunua mbolea ya "ekari moja".

Na wewe muuza pembejeo, ukisikia jina la mteja wako kwenye orodha ya namna ile, kabla hujaghairi mkopo nenda naye ukaanzie ukingoni mwa mto, mtembee mpaka kwenye mpaka wa shamba lake.