Bila Kikomo, Mpaka Tarehe 22

Tarehe 22 mwezi jana, saa mbili usiku, kijana wa nyumba namba 9 alinigongea mlango kwa ngumi. Haikuwa ile hodi ya kuomba chumvi. Alikuwa ameshika laptopu ikiwa wazi, kile kiduara kinazunguka kwenye skrini, na dakika 11 zimebaki mtihani wake wa kampasi ufungwe.

"Buda, waifai imefanyaje?"

Sikujua imefanyaje. Nilizima ruta nikaiwasha, si ndiyo dawa ya kila kitu. Ikawaka taa zote za kijani, na bado hakuna kitu kinafunguka. Nikamwashia data ya simu yangu, lakini kufika hapo tulikuwa tumeshapoteza muda mwingi. Majibu mawili ya mwisho hayakuingia. Alifunga laptopu polepole, akaniambia "ni sawa bro," na sote wawili tulijua si sawa.

Wacha nieleze kwa nini alikuja kwangu. Sisi nyumba nne za orofa ya tatu tunagawana laini moja ya faiba. Ni 3,000 kwa mwezi, kila nyumba inatoa 750. Mimi ndiye nilijaza fomu, kwa hivyo ruta inakaa juu ya kabati langu. (Najua masharti ya mkataba pengine hayapendi hiyo maneno. Najua pia ni ploti ngapi Nairobi zinaishi hivyo, na wewe unajua.) Tuliahidiwa kasi ya Mbps 15, na kwenye tangazo kulikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: INTANETI BILA KIKOMO.

Usiku huo nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kutosha, dada mmoja mpole sana akanieleza: laini yenu imefikisha gigabaiti 1,000, kwa hivyo mtakuwa na Mbps 1 hadi mwezi uishe. Nikamuuliza, sasa bila kikomo ni nini? Akasema intaneti haijakatwa, imepunguzwa kasi tu. Ni sera ya matumizi ya haki.

Haki! Ebu fikiria hiyo Mbps 1 ikigawanywa nyumba nne. Video yangu moja ya kawaida ni kama gigabaiti 6. Kwa Mbps 15 inapanda kwa dakika 53 hivi, mambo yakiwa sawa. Kwa Mbps 1, hata nikiwa peke yangu kwenye laini, ni zaidi ya saa 13. Mtu akikuuzia gari halafu tarehe 22 akalitoa injini na kukuachia viti, atakuambia pia hajakunyang'anya gari.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika posti ya hasira. Kichwa kilikuwa tayari, matusi mawili matatu yamepangwa vizuri. Halafu nikafungua ukurasa wa ruta ili nipige picha ya skrini kama ushahidi, na hapo ndipo posti ilikufa. Ruta inaonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani. Nyumba ya mama mwenye watoto wawili wa shule, 140. Kijana wa namba 9, 95. Wale wanandoa wa mwisho, na mechi zao zote na sinema zao zote, 153. Kompyuta yangu: 612.

Ninarekodi kwa 4K, na miezi miwili iliyopita niliambia kompyuta iwe inapakia video zangu zote mbichi kwenye hifadhi ya mtandaoni kila usiku, nikiwa nimelala. Nikasahau. Yaani kwa 750 yangu nilikuwa nakula zaidi ya nusu ya sahani ya watu wanne, halafu nataka kumlaumu mpishi.

Kwa hivyo sitaki kuandika ile posti ya "kampuni ni wezi, data ni haki yetu." Nimekuwa yule mtu ambaye kikomo kiliwekwa kwa ajili yake. Na bado naona kikomo hiki kimewekwa vibaya.

Hii hesabu ni rahisi. Laini ya Mbps 15 ikifanya kazi mfululizo kwa kasi yake yote, inapitisha gigabaiti 162 kwa siku. Ndani ya siku 30 ni 4,860. Sisi tunapewa 1,000. Yaani ile kasi tunayolipia, tukiitumia bila kupumzika, inaisha siku ya saba asubuhi. Kampuni inajua hatuwezi kuitumia hivyo, na ndiyo maana inaweza kuuza bomba lilelile kwa watu wengi. Sina shida na hiyo. Kama kila mteja angetengewa bomba lake peke yake, hakuna mtu kwenye ploti yetu angeweza kulipa.

Lakini bomba huwa linajaa saa ngapi? Si saa tisa usiku. Ni kuanzia saa moja jioni hadi saa tano, watu wakiwa wametoka job, kila nyumba ina sinema, kila mtoto yuko YouTube. Kebo haina shida na gigabaiti zilizopita jana. Ule waya wa chini ya bahari uliofika Mombasa hauchakai kwa sababu mimi nilipakia video watu wakiwa wamelala. Shida ni wengi kutaka kupita kwa wakati mmoja. Kikomo cha mwezi hakiangalii hilo. Kinahesabu gigabaiti yangu ya saa tisa usiku, ambayo haikumsumbua yeyote mtaani, sawasawa na ile ya saa mbili jioni.

Na kuna wakati uhaba ni wa kweli kabisa. Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Kenya nzima ilitambaa, na Tanzania hali ikawa mbaya pia. Siku hizo ungeniambia tupunguze wote, ningekuelewa. Ila tarehe 22 mwezi jana hakukuwa na kebo iliyokatika. Kulikuwa na namba tu iliyofika mwisho.

Marekani walijaribu jambo la kuvutia bila kupanga. Comcast, moja ya kampuni kubwa zaidi za intaneti ya nyumbani huko, ilikuwa na kikomo kama chetu, terabaiti 1 kwa mwezi kwa wateja wengi. Machi 2020, Korona ilipofungia watu nyumbani, ikakisimamisha. Yaani wakati ambapo kila mtu yuko kwenye Zoom mchana na Netflix usiku, ndipo kikomo kikaondolewa, na mtandao haukuanguka. Julai wakakirudisha, kikiwa kimeongezwa hadi 1.2. Sasa niambie, kilikuwa kinalinda mtandao ama kilikuwa kinalinda bei?

Kitu kingine ni lugha. Bando ya simu haijawahi kunidanganya. Nikinunua gigabaiti 1, naambiwa ni 1, naambiwa inaisha lini, na ikikaribia kuisha ujumbe unaingia. Nikiimaliza kwa TikTok saa nne asubuhi, ni ujinga wangu. Faiba yetu ilifika 1,000 kimya kimya, hakuna ujumbe, hakuna onyo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua. Sijui mahakama ingesema nini, mimi si wakili, lakini "bila kikomo" yenye kikomo kwenye ukurasa wa masharti ambao hakuna anayeusoma haifanani na kunipa habari.

Tena kikomo cha laini moja kimepimwa kwa nyumba moja. Mwenye jumba lake la vyumba vitano, baba, mama na mtoto mmoja, ana 1,000. Sisi nyumba nne, watu 11, tuna hiyo hiyo 1,000. Tunagawana kwa sababu hatuwezi kulipa 3,000 kila mmoja, halafu kwa sababu tunagawana ndio tunafika mwisho kwanza.

Jumapili iliyofuata niliita mkutano kwenye ngazi. Nikaonyesha zile namba, yangu ikiwa juu. Mama wa namba 12 akaniangalia, akasema, "Kumbe ni wewe, kijana wangu," na hiyo iliuma kuliko kelele. Tukakubaliana kama tunavyofanya na maji: keateka hufungua tangi Jumanne na Ijumaa, kila mtu anajua siku, hakuna anayeshtuliwa bafuni akiwa na sabuni machoni. Mimi napakia baada ya saa sita usiku, na gigabaiti 350 zikiisha nanunua bando yangu. Nalipa 1,200, wengine wanalipa 600 kila mmoja. Namba zinabandikwa mlangoni kwangu kila Jumamosi.

Kwa hivyo ndiyo, kikomo kinawezekana. Sisi tumejiwekea kimoja, na mimi ndiye kinambana zaidi. Tofauti ni kwamba hiki tulikiongelea kabla ya pesa kutoka, kinaangalia saa, na kila mtu anaona hesabu. Nilituma barua pepe kwa kampuni nikiuliza mambo matatu: kwa nini gigabaiti za usiku wa manane zinahesabiwa sawa na za jioni, kwa nini hatukupata onyo tukifika 800, na kwa nini tangazo halijabadilishwa. Wamenijibu kwamba wamepokea.

Kijana wa namba 9 alipewa nafasi ya kurudia mtihani muhula ujao, kwa ada. Nusu ya hiyo ada nimesema nitatoa mimi. Leo ni tarehe 19, tuko 641, na hii video ya wiki iko tayari tangu saa kumi jioni. Nangoja saa sita.