Samaki Wangu na Sufuria ya Maji

Ndugu msomaji, labda utacheka ukisikia kwamba nilifuga samaki nyumbani, hapa Singida penye ukame. Nilikuwa na perege wadogo wanne kutoka Ziwa Singidani, katika beseni la plastiki, pamoja na maji yao ya ziwani. Jua lilipopunguza maji, nilijazia mengine ya ziwani. Haikupita miezi mingi, wote wakafa.

Kumbe jua huchukua maji tu, chumvi hubaki. Ndivyo ziwa lenyewe lilivyopata chumvi: vijito huingia, wala hakuna mto utokao. Mara ya pili nilijazia maji ya mvua, yasiyo na chumvi; samaki wakakaa.

Hapo nikaikumbuka sufuria jikoni. Baadhi ya visima vya mkoa wetu vina floridi nyingi, madini yatiayo meno ya watoto madoa ya kahawia, na yakizidi sana hulemaza mifupa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haitoki. Maji yakipungua, hiyo huzidi kukolea.

Basi, ndugu, mvua ya kwanza iache ioshe bati. Inayofuata ikinge, uifunike, uichemshe, na wa kwanza kunywa wawe watoto.