Kabla Mlipie Programu ya Kuchora Mifumo ya Ofisi

Hebu niulize watu wa sacco na ofisi: mfumo mmoja ukizima leo saa nne asubuhi, nani anajua ni kazi gani zingine zitasimama? Mahali pengi jibu liko kwa kichwa cha jamaa mmoja wa kompyuta. Akipata kazi kwingine, ameenda nalo.

Programu za kuchora ramani ya mifumo ya shirika zinasaidia hapo. Shida ni vile tunazichagua. Muuzaji anakuja na slaidi za rangi, bodi inapiga makofi, pesa za wanachama zinatoka. Baadaye hakuna anayeifungua.

Mimi naona tuanze na maswali. Andikeni matano ambayo wakubwa huuliza kila mara, kisha muuzaji ayajibu kwa data yenu, sio mfano wake.

Pili, ulizeni: tukiacha kulipa, data yetu inatoka aje? ArchiMate, lugha ya michoro inayosimamiwa na The Open Group, ina aina ya faili ya kuhamisha kazi kutoka programu moja hadi nyingine. Isiyotoa faili ya aina hiyo itawafunga.

Tatu, jaribuni Archi kwanza. Ni ya bure. Mkishindwa kuijaza kwa miezi mitatu, hata ya mamilioni mtaiacha tupu.

Na nani atabadilisha ramani kila mfumo ukibadilika? Kama huyo mtu hayuko, msilipe bado. Mtafuteni kwanza.