Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ na Uwanja wa Kegonga

Miongoni mwa wahakiki wetu wa sanaa za maonyesho kuna dai lililozoeleka, nalo hurudiwa kila unapotajwa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru: kwamba serikali ilibomoa mbao na mianzi tu, ila mchezo wenyewe haikuuweza, kwa kuwa umo vifuani mwa watu. Dai hilo lapendeza masikioni. Mimi niliyekulia Kegonga, katika nchi ya Wakuria, ambako ngoma zote nilizoziona utotoni zilichezwa uwanjani na uwanja ukabaki mtupu kesho yake, sikubaliani nalo.

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda niliifahamu kwanza kwa Kiswahili, katika tafsiri iitwayo Nitaolewa Nikipenda, maana Kikikuyu sikijui. Msomaji wa mbali hupata mengi humo. Huiona ile hati ya ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani mwa Kĩgũũnda, na Mkuria yeyote aliyewahi kusikia wazee wakizozania mpaka wa shamba haihitaji kufafanuliwa. Jambo asilolipata kitabuni ni mahali. Mahali hapo ndipo ninapotaka kupazungumzia.

Kamĩrĩĩthũ kilikuwa kijiji kilichozaliwa na hali ya hatari ya miaka ya 1950. Katika ardhi ya ekari nne iliyotengewa kituo cha vijana, wanakijiji, wakiwa pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walijijengea ukumbi usio na paa, wenye uwezo wa kuketisha watu zaidi ya 2,000. Waliousanifu ni vijana wasio na kazi, na walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini. Mazoezi yalifanywa peupe. Mtu aliyetoka kiwanda cha viatu au shamba la chai aliweza kusimama, akatazama, akasahihisha: wimbo huu hauimbwi hivyo, mzee haongei na mkwewe namna hiyo, mshahara wenyewe si huo. Hivyo, hadhira ilikuwa imekwisha kuingia katika utunzi kabla ya siku ya onyesho la kwanza, tarehe 2 Oktoba 1977. Wahakiki wameandika sana kuhusu lugha ya tamthilia hiyo, na ni haki yao, ila sidhani masahihisho ya aina hiyo yangepatikana nyuma ya mlango uliofungwa, hata kama lugha ingekuwa ile ile.

Majuma sita hivi baadaye, tarehe 16 Novemba 1977, maonyesho yalipigwa marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwishoni mwa mwaka 1981 kikundi kilianza kutayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, na mwezi Februari 1982 kikafungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi. Kisha, tarehe 12 Machi 1982, malori matatu ya polisi yalipelekwa Kamĩrĩĩthũ kubomoa jukwaa.

Msomaji naalitafakari tukio hilo. Mchezo ulikuwa umekwisha kuzuiwa. Leseni ilikuwa imefutwa. Lililobaki lilikuwa jukwaa tupu. Kama kweli mbao si kitu, polisi wote hao walifuata nini? Aliyewatuma alielewa jambo ambalo wahakiki wetu hulipita upesi, yaani kwamba watu walio na mahali pa kukutania watatunga mchezo mwingine, na mwingine tena.

Mwezi Mei 2022, baada ya miaka 45, Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, kwa Kikikuyu na kwa Kiingereza, katika Ukumbi ule ule wa Taifa uliofungwa mwaka 1982. Ni ushindi, na siudharau. Lakini ulikuwa ufufuo wa matini. Mwanakijiji alialikwa kama mgeni, akaketi gizani, akapiga makofi panapostahili. Hakumsahihisha mtu. Kule Limuru, mahali pa jukwaa palijengwa chuo cha ufundi, na wanaokumbuka mazoezi yale ni wazee. Ngũgĩ wa Mirii alifariki Zimbabwe mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Vifua tunavyovitegemea vinazikwa kimoja baada ya kingine.

Kwetu Kegonga hasara hiyo haina hata tarehe, maana hakuna aliyehitaji kupeleka lori. Mpiga iritungu huketi na kinubi chake kikubwa cha nyuzi nane, watu humzunguka, naye huwataja waliopo kwa majina, huwasifu na kuwasuta. Ni utunzi wa papo hapo, na hadhira hujibu. Msimu ukipita, nyimbo za mwaka huo hufifia pamoja na visa vilivyozizaa. Nimewasikia wasomi wa kwetu wakisema ukumbi wa nini, uwanja si upo? Uwanja upo, naam. Lakini leo ni wa soko, kesho ni wa mikutano ya wanasiasa, na mwenye ngoma hupewa saa zinazobaki. Hapana mahali ambapo kijana angekwenda Jumapili baada ya Jumapili kumsikiliza mpigaji akirudia wimbo hadi ukamkaa.

Simtakii Mkuria ukumbi wenye paa na viti vya mito. Jukwaa la udongo lililoinuliwa kidogo, mabao ya kukalia yaliyopangwa kama ngazi, na chumba cha kuhifadhia ala vingetosha, na vijana wetu wanaweza kuvisanifu kwa njiti za kiberiti kama wenzao wa Limuru. Kazi ngumu ni ya kabla ya hapo: kukubaliana ni kiwanja kipi, na hati yake iandikwe kwa jina la nani.