Betty Boop Alipoimba Kijapani

Mwaka 1935, studio ya ndugu Max na Dave Fleischer huko New York ilitoa katuni fupi iitwayo A Language All My Own. Betty Boop, yule binti wa kichwa kikubwa na macho ya duara, anapanda ndege yake, anavuka bahari, anatua Japani. Anapanda jukwaani akiwa ndani ya kimono, na baada ya Kiingereza anaimba Kijapani. Ukumbi mzima unamshangilia. Betty alikuwa na mashabiki wengi Japani, na mchoraji Myron Waldman hakutaka kuwaudhi. Aliwaonyesha wanafunzi wa Kijapani michoro yake ili wamwambie kama kuna ishara ya mkono au mtikiso wa bega ambao kwao ungekuwa utovu wa adabu.

Naipenda filamu ile, na kila nikiitazama moyo unaniuma, maana kilichofuata nakijua. Sisi tulikutana na kisa hiki kwa kuanzia mwisho. Utotoni, katuni za Marekani zilitufikia kwa mikanda ya video ya kuazimana, iliyorudufiwa mpaka picha ikawa inatetemeka, na humo alikuwamo Superman wa mwaka 1942 akipambana na majasusi wa Kijapani walioteka ndege kubwa ya mabomu. Tulimshangilia Superman mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyetueleza kwamba miaka saba tu kabla ya hapo, studio ileile, kabla haijabadilishwa jina, ilimvisha Betty kimono na kumtuma Japani kusalimia.

Japani ya katuni za kabla ya vita ilikuwa nchi ya kupendeza mno. Mwaka huohuo wa 1935 studio ya Van Beuren ilitoa Japanese Lanterns, katika mfululizo wake wa katuni za rangi. Mmoja wa waongozaji wake alikuwa Burt Gillett, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameongoza filamu ya nguruwe watatu kwa Walt Disney. Taa za karatasi zimebeba hata jina la filamu. Ndivyo msanii wa Marekani alivyoiona Japani wakati ule: taa, miavuli, vipepeo vya mkono, vidaraja vilivyopinda, maua ya cheri.

Mengi ya hayo hayakuchukuliwa Japani kwenyewe. Yalitoka kwenye jukwaa la London, ambako The Mikado ilianza kuchezwa mwaka 1885. Yalitoka kwenye opera ya Puccini ya mwaka 1904, juu ya mke wa Kijapani aliyetelekezwa na mwanamaji wa Kimarekani. Yalitoka kwenye rafu za maduka yaliyouza vikombe na vitu vya kuchezea vya bei nafuu vilivyoletwa kwa meli, na kwenye miti ya cheri zaidi ya 3,000 ambayo jiji la Tokyo liliizawadia Washington mwaka 1912. Siyabezi mapenzi hayo. Yalikuwa ya kweli. Lakini yalikuwa mapenzi ya vitu. Tafuta ndani ya katuni hizo Mjapani mwenye jina lake, mwenye deni dukani, aliyenuna kwa sababu mkwewe amemsema. Ni shida kumpata.

Na sheria nazo zilikuwa zimekwisha kusema lao. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia Takao Ozawa uraia. Alikuwa ameishi nchini humo miaka mingi, akasoma huko, akalea wanawe kwa Kiingereza, lakini mahakama ilisema yeye si mzungu. Miaka miwili baadaye sheria ya uhamiaji ikawafungia Wajapani mlango. Kwa hiyo Betty aliweza kuruka hadi Japani akapokewa kwa makofi, lakini msichana aliyempigia makofi asingeweza kumfuata Marekani akaishi huko.

Wajapani nao walikuwa na hofu zao, wakazichora. Katikati ya miaka ya 1930 walitengeneza katuni ambamo panya anayefanana kabisa na Mickey Mouse anakivamia kisiwa chenye amani, na mashujaa wa ngano za Kijapani wanatoka vitabuni kuja kumfukuza. Mickey huyo anaishia kugeuzwa kizee.

Kisha likaja shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, Desemba 1941. Kufika katikati ya mwaka 1942, ndugu Fleischer walikuwa wameondoka, na Paramount ikaiita studio yao Famous Studios. Popeye wa kwanza wa jina hilo jipya, Agosti 1942, aliwatwanga mabaharia wa Kijapani wenye meno yaliyochomoza na miwani minene, na hata jina la filamu lilikuwa tusi. Katika ile ya Superman, Mjapani anayeishi Marekani ana picha ya Sanamu ya Uhuru ukutani. Inageuka kuwa bendera ya jua, naye anaiinamia. Kuinama, ambako katika katuni za zamani kulikuwa adabu, sasa kukawa ushahidi wa usaliti. Haikuwa kazi kubwa kuyageuza mambo hivyo. Huwezi kumkumbuka jirani ambaye hukuwahi kumchora, na taa ya karatasi haina wa kuilinda.

Februari ile Rais Roosevelt alikuwa ametia saini amri iliyowapeleka kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani. Siku sita kabla ya amri hiyo, Theodor Geisel, ambaye watoto wa dunia nzima wanamjua kama Dr. Seuss, alikuwa amewachora gazetini wakiwa wamepanga foleni kupokea baruti.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Wajapani wa kweli walikuwamo ndani ya studio zenyewe. Bob Kuwahara, mzaliwa wa Tokyo aliyefika Marekani akiwa mtoto, alichora kwa Disney miaka ya 1930. Vita vilipokuja akafungiwa kambi ya Heart Mountain, Wyoming. Chris Ishii, aliyezaliwa California, naye alitoka Disney akaishia kambi ya Granada, Colorado. Huko, kwa ajili ya gazeti la kambi, alichora vituko vya Lil' Neebo, mtoto mtundu wa Kijapani-Kimarekani. Kwangu mimi huyo ndiye Mjapani wa kuchorwa aliyekosekana katika katuni zote za taa na maua, na ilibidi azaliwe ndani ya seng'enge. Kijana Iwao Takamoto alijifunza kuchora kambini Manzanar, kwa wafungwa wenzake waliokuwa wamefanya kazi Hollywood. Mwaka 1969 ndiye aliyembuni Scooby-Doo.

Siku hizi mambo yamepinduka. Mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka, aliyekua akizitazama katuni za Disney na za Fleischer, aliyachukua yale macho makubwa akawapa wahusika wake, na mwaka 1963 Astro Boy wake alionyeshwa kwenye televisheni za Marekani. Leo watoto wa Dar es Salaam na Nairobi wanachora Naruto nyuma ya madaftari, na wanaimba nyimbo za Kijapani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanajua majina ya wahusika, majina ya walimu wao, hata chakula wanachokipenda.

Dr. Seuss alikwenda Japani mwaka 1953, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, juu ya tembo anayewasikia watu wadogo wasiosikiwa na yeyote, alikitabaruku kwa rafiki yake wa Kyoto. Kuwahara naye, mwaka 1959, alipata hatimaye katuni yake mwenyewe: panya Hashimoto, mwenye mke na watoto, anayemsimulia mwandishi wa Kimarekani hadithi za kwao. Taa za karatasi zimo bado. Ningetamani sinema moja iwaonyeshe usiku mmoja, kwa mpangilio huu: Betty wa 1935, Popeye wa 1942, Hashimoto wa 1959, na ukutani, pale watu wanapokata tiketi, ibandikwe michoro ya Ishii kutoka Granada.