Mkalimani wa Kompyuta Mbili

Yamkini msomaji hudhani kuwa kompyuta mbili zikiunganishwa kwa waya, basi zimekwisha kujuana. Kumbe waya ndio ulio mwepesi katika shauri hili. Mjomba wangu hupiga chapa msamiati wa majahazi katika kompyuta yenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, wala hataki nyingine, maana programu aliyoizoea haifanyi kazi kwingine. Mimi huusahihisha katika kompyuta mpya. Kuuchukua kila siku kwa flashi kulizaa nakala mbili zisizolingana. Na neno likipotea kati ya nakala, hapana wa kulitaja tena, kwani mabaharia waliolitumia aghalabu wamekwisha kufa.

Waya ulikuwa muungwana. Mashine yake hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, yangu 1,000. Zilipokutana, yangu ilijishusha hadi 100 bila ya kuamriwa. Ukaidi ulizuka katika lugha ya kugawana mafaili, iitwayo SMB. XP hujua lahaja ya kwanza tu. Ya pili ilikuja na Windows Vista mwaka 2006, na ile ya kwanza ikabakizwa kwa ajili ya wakongwe. Kisha, Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipita katika ufa wa lahaja hiyo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, hata za hospitali za Uingereza. Tangu Oktoba mwaka huo matoleo mapya ya Windows yalianza kuiondoa au kuizima. Siilaumu hadhari hiyo. Nani huacha wazi mlango alioingilia mwizi? Lakini mlango huo ndio aliokuwa akipitia mjomba.

Hapakuwa na budi kutafuta mkalimani. Nilichukua kompyuta ya tatu, nikaitia Linux na Samba, programu aliyoianza Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. (Jina hilo alilipata kwa kusaka katika kamusi neno lenye herufi s, m na b, mtunza msamiati hawezi kulichukia.) Nayo, tangu mwaka 2019, haisemi lahaja kongwe ila iruhusiwe kwa mstari wa amri. Niliiruhusu, nikahakikisha kuwa mashine zote tatu hazifikii intaneti.

Faili la kwanza kuvuka lilikuwa orodha ya kamba za jahazi. Lilifika mara moja. Mjomba alitaka kujua kama na kwake limebaki.